Dakika Saba za Korem

Jumanne, tarehe 23 Oktoba 1984, televisheni ya BBC ilionyesha taarifa ya takriban dakika saba kutoka kaskazini mwa Ethiopia. Aliyepiga picha alikuwa Mkenya, Mohamed Amin. Aliyeandika na kusimulia alikuwa Mwingereza, Michael Buerk. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba vituo 425 vya televisheni vilizirusha picha zile na watu milioni 470 wakazitazama.

Yaliyofuata yamesimuliwa hadi yamezoeleka: wanamuziki wa Uingereza waliokusanyika studio mwezi Novemba, wenzao wa Marekani waliofuata Januari, tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, na shehena za nafaka. Yaliyotangulia hayasimuliwi sana, ingawa ndiyo yanayoeleza kwa nini mambo yalikwenda vile. Njaa ile haikuwa siri. Tume ya serikali ya Ethiopia iliyoshughulikia misaada ilikuwa imewaomba wafadhili chakula tangu Machi 1984. Julai mwaka uleule televisheni za Uingereza zilikwisha kuionyesha, watu wakachanga, kisha mambo yakatulia. Kufika Oktoba njaa ilikuwa imezidi, lakini si ukali wake peke yake uliofanya dunia igeuke. Picha zilipita mikononi mwa watu kadhaa, Nairobi, London na New York, na kila mmoja alikuwa na uwezo wa kuzisimamisha. Safari hii moja hawakuzisimamisha, au walijaribu wakashindwa. Ili kuwaelewa watu hao na kazi yao, inabidi turudi nyuma miaka ishirini.

Mbio za uwanja wa ndege

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Alianza kupiga picha angali mwanafunzi, na mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alikwisha kuanzisha kampuni yake, Camerapix. Dar es Salaam ya siku zile ilikuwa imejaa habari. Vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi zao pale. Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea ng'ambo tu ya bahari, na siku nane baadaye askari wa Tanganyika wakaasi katika kambi ya Colito. Kijana mwenye kamera hakuhangaika kutafuta habari. Alihangaika kuzitoa mjini.

Mwandishi wa gazeti aliweza kutuma maneno yake kwa teleksi, yakasomwa London dakika ileile. Picha za televisheni hazikuwa na njia hiyo. Zilikuwa kwenye filamu ya milimita 16, na filamu ni mzigo, lazima ubebwe. Roli ya futi 100 ilitosha kama dakika mbili na robo tatu za picha. Kamera ya Bolex, iliyopendwa na wapiga picha wengi wa habari, ilikuwa ya kutia ufunguo: unazungusha mkono wake hadi springi ikaze, unapiga kwa karibu nusu dakika, inasimama, unatia ufunguo tena. Mpiga picha wa aina hiyo alihariri kichwani kabla ya kubonyeza. Aliyemaliza springi kwa msafara wa magari alijikuta na kamera iliyosimama wakati kiongozi anashuka.

Roli ikiisha ilitolewa ndani ya mfuko mweusi usiopenya mwanga, mikono ikipapasa bila macho, ikafungiwa kwenye mkebe wa bati. Pamoja nayo ilitiwa karatasi ya maelezo: tarehe, mahali, picha ya kwanza hadi ya mwisho kwa mpangilio wake, nani amesimama kulia na nani kushoto, majina kwa herufi kubwa. Mhariri wa London hakuwahi kufika Dar es Salaam wala kumwona waziri anayetajwa. Alichojua ni kile kilichoandikwa pale. Karatasi ikikosea jina, dunia nzima ilikosea nalo.

Baada ya hapo zilikuwa mbio za uwanja wa ndege. Mkebe ulisafirishwa kama shehena au ukakabidhiwa abiria mwenye roho nzuri, na nambari ya ndege ikatumwa kwa teleksi ili mtu wa pikipiki ausubiri Heathrow. Ndege ikikosekana, habari iliyokuwa moto leo ilipoa kabla ya kuonekana. Watawala walilijua hilo vizuri. Ofisa wa forodha aliyeuzuia mkebe kwa siku mbili alikuwa amekwisha kuifungia habari bila kusoma hata mstari mmoja.

Wakati mwingine aliyezuiwa alikuwa mpiga picha mwenyewe. Mwaka 1966 Amin alipiga picha za kambi ya mafunzo ya kijeshi Zanzibar iliyokuwa na wakufunzi kutoka Urusi na Ujerumani Mashariki. Picha zilipoonekana ng'ambo, alikamatwa, akawekwa gereza la Kiinua Miguu karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa nchini. Akahamia Nairobi na kampuni yake. Tarehe 5 Julai 1969 waziri wa Kenya Tom Mboya alipopigwa risasi alipokuwa akitoka duka la dawa katika Barabara ya Serikali, ambayo leo ni Moi Avenue, Amin alifika kwa dakika chache, akapanda ndani ya gari la wagonjwa na kuendelea kupiga picha huku wahudumu wakihangaika kuokoa maisha yake. Filamu ile ilimletea tuzo ya Uingereza ya picha za habari za televisheni za mwaka huo.

Meza ya mhariri

Mikebe mingi ya Amin ilielekea Visnews, shirika lililoanzishwa London mwaka 1957, BBC ikiwa miongoni mwa wamiliki wake, ili picha za habari za dunia zisiwe mikononi mwa Wamarekani peke yao. Visnews haikuwa na kituo cha televisheni. Ilinunua, ikakata, ikanakili na kuviuzia vituo vya nchi nyingi, kila kimoja kikipokea furushi lake kwa ndege.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusafisha filamu. Mtambo ulichukua muda wake, na hapakuwa na wa kuuharakisha. Filamu za rangi nyeusi na nyeupe zilikuwa na ujanja wake: saa zikibana, kituo hakikusubiri kutoa nakala. Kiliirusha negativu yenyewe, na mtambo wa kusomea filamu ukageuza nyeusi kuwa nyeupe na nyeupe kuwa nyeusi kwa umeme ilipokuwa ikienda hewani. Kosa dogo la swichi, na mtazamaji angemwona Rais mwenye uso wa mzimu.

Kisha mkasi. Mhariri alivaa glavu nyeupe za pamba, akaipitisha filamu mbele ya taa, akatia alama kwa penseli ya nta, akakata. Vipande vilining'inizwa kwenye misumari juu ya kapu la kitambaa, kila kimoja na mahali pake, vikaunganishwa kwa gundi au utepe. Kipande kilichoanguka chini kilitafutwa kwa magoti huku saa ya ukutani ikienda.

Kilichowatesa wahariri zaidi kilikuwa sauti. Katika filamu yenye ukanda wa sumaku pembeni, sauti haikukaa kando ya picha yake. Ilikaa fremu 28 mbele yake, kwa kuwa kichwa cha kusoma sauti hakikuweza kukaa mahali pamoja na lenzi. Kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde, huo ni umbali wa zaidi kidogo ya sekunde moja. Ukikata pale neno linapoanza kusikika, sura ya msemaji hutangulia sauti yake, na kwa sekunde nzima mtazamaji anamwona mbunge akichezesha midomo huku akisikia maneno ya mtu mwingine. Wahariri walijifunza kutafuta mahali ambapo msemaji amevuta pumzi, au kulifunika pengo kwa picha ya wasikilizaji. Ndiyo maana taarifa za zamani zimejaa watu wanaotikisa vichwa kwa makini bila kusema lolote.

Ilipofika hewani, msomaji habari alikuwa na karatasi mkononi na mbele yake kamera kubwa ya studio. Mtambo wa filamu ulihitaji sekunde kadhaa kushika mwendo, hivyo mwongozaji katika chumba cha mitambo alitoa amri ya kuuwasha kabla msomaji hajamaliza sentensi. Msomaji akienda haraka, alibaki akiikodolea macho kamera. Akichelewa, picha ilianza juu ya maneno yake. Hapakuwa na njia ya kurudia.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na vyumba vyake vya habari. Televisheni ya Kenya ilianza mwaka 1962, na mwaka 1964 serikali ikalichukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya. Uganda ilianza mwaka 1963. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa ambayo nchi maskini haikuwa na haraka nayo. Mpangilio wa habari katika vituo vya serikali haukuwa na fumbo: taarifa ilianza na Rais, awe amefungua daraja au amepokea mabalozi, na dunia ikasubiri zamu yake. Picha za dunia hiyo zilinunuliwa, na Sauti ya Kenya ilikuwa mmoja wa wateja wa Visnews. Kwa hiyo tukio la nchi jirani lingeweza kupigwa picha na mtu wa Nairobi, likaruka hadi London, likakatwa na mhariri wa huko kwa jicho la huko, kisha likarudi Nairobi ndani ya furushi. Tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride, iliyotoa ripoti yake mwaka 1980, ilizungumzia hali ya namna hiyo: nchi nyingi zilikuwa zikijitazama kwa macho ya wengine.

Filamu iliyokatwa upya

Uwezo wa mkasi ulikwisha kudhihirika Ethiopia yenyewe. Mwaka 1973 njaa iliua watu wengi mkoani Wollo, na utawala wa Mfalme Haile Selassie ukaificha. Oktoba mwaka huo mwandishi Jonathan Dimbleby wa kampuni ya Thames alirusha nchini Uingereza filamu iliyoifichua. Michango ikamiminika. Lakini pigo kubwa lilikuja mwaka uliofuata, tena kutoka chumba cha habari cha Addis Ababa.

Maofisa wa kijeshi waliokuwa wakijiandaa kumwondoa Mfalme walipata nakala ya filamu ile. Ikakatwa na kuunganishwa upya: watoto wa Wollo, kisha karamu za kasri, maiti, kisha mbwa wa Mfalme wakilishwa nyama. Tarehe 11 Septemba 1974 televisheni ya taifa iliionyesha filamu hiyo. Kesho yake asubuhi Mfalme alitolewa kasri akaondolewa madarakani. Hapakuwa na picha ya uongo hata moja ndani yake. Kilichotengenezwa ni ujirani wa picha: nini kifuate nini.

Waliofanya hivyo, maofisa walioitwa Derg, ndio waliokuwa madarakani njaa iliporudi miaka kumi baadaye. Walijua kuliko yeyote filamu inaweza kumfanyia nini mtawala. Septemba 1984 walikuwa wakiadhimisha miaka kumi ya mapinduzi yao kwa sherehe kubwa Addis Ababa, na waandishi wa kigeni hawakuruhusiwa kwenda kaskazini. Sherehe zilipokwisha ndipo vibali vikaanza kupatikana.

Makelle na Korem

Wakati huo kazi yenyewe ilikuwa imebadilika. Tangu 1970 Kenya ilikuwa na kituo cha satelaiti Longonot, katika Bonde la Ufa, na picha zingeweza kuruka bila ndege. Ila satelaiti ilikuwa ghali, ikikodiwa kwa dakika, na mhariri wa mbali ndiye aliyeamua kama habari ilistahili gharama. Filamu nayo ilikuwa imeipisha kanda ya video. Kanda haikuhitaji kusafishwa, na ilibeba picha na sauti pamoja. Mpiga picha na fundi wake wa sauti walifungwa pamoja kwa waya, mmoja na kamera begani, mwingine na mashine nzito ya kurekodia ikimning'inia.

Amin, aliyekuwa mkuu wa Visnews Nairobi, alikuwa mtu wa kupata vibali. Miaka ishirini ya kujuana na maofisa, marubani na makarani wa bara zima ilikuwa sehemu ya vifaa vyake kama kamera. Katikati ya Oktoba alipata ruhusa ya kuingia, akafuatana na Buerk, mwandishi wa BBC aliyekuwa na makao Johannesburg, na Mike Wooldridge wa redio ya BBC. Ndege ndogo ya shirika la World Vision iliwapeleka kaskazini.

Katika mji wa Makelle walimkuta Claire Bertschinger, muuguzi wa Msalaba Mwekundu. Chakula cha lishe kilikuwa cha watoto wachache, na waliokuja walikuwa mamia kwa mamia. Kila alipopokea watoto wapya ilimbidi apite katikati ya mistari yao wakiwa wameketi chini, na kuchagua nani aingie. Hakuwachagua waliodhoofu kupita kiasi, kwa kuwa hao wangekufa hata wakilishwa, wala wenye nguvu kidogo, kwa kuwa hao wangeweza kungoja. Amin alirekodi uchaguzi ule. Katika mji wa Korem walifika na kukuta makumi ya maelfu ya watu wamelala nje katika baridi ya nyanda za juu, wengi wakiwa na kitambaa tu cha kujifunika. Kazi ilianza alfajiri, wakati waliokufa usiku walipokuwa wakikusanywa na kukafiniwa. Brigitte Vasset, daktari Mfaransa wa Madaktari Wasio na Mipaka, alizungumza mbele ya kamera.

Wanaochunguza picha zile kama kazi ya mikono huona jambo moja: hazina haraka. Picha za habari za siku zile zilikuwa za sekunde tatu au nne, kamera ikiruka huku na huku. Amin aliiacha kamera itembee polepole juu ya umati, ikashuka hadi usawa wa waliolala, ikakaa usoni pa mtu mmoja mpaka mtazamaji akatambua kwamba yule ni mtu. Ukubwa wa msiba na sura ya mmoja wa waliopatwa nao vilikuwa ndani ya picha ileile. Mtu aliyejifunzia kazi kwenye kamera ya nusu dakika alijua thamani ya picha ndefu.

London, kisha New York

Walirudi Nairobi. Safari hii satelaiti haikutumika. Buerk alipanda ndege ya usiku kwenda London na kanda zake, akitunga maneno njiani. Katika chumba cha uhariri cha BBC aliandika kidogo kuliko kawaida. Sehemu ndefu ziliachwa kimya, zikibaki sauti za kambi yenyewe: kikohozi, kilio, upepo. Msimulizi mwoga angepajaza pale kwa takwimu.

Uamuzi mgumu ulikuwa wa urefu. Habari ya kawaida ya nje ilipewa dakika moja na nusu, au mbili. Mwezi ule ulikuwa na mengi: mgomo wa wachimba makaa ya mawe ulikuwa na miezi saba, na siku 11 kabla, bomu la IRA lilikuwa limelipuka katika hoteli ya Brighton aliyofikia Waziri Mkuu Margaret Thatcher. Katika hali hiyo wahariri wa BBC waliipa Korem takriban dakika saba na kuirusha kuanzia taarifa ya mchana, kisha ile ya saa kumi na mbili jioni, ambayo ilikuwa mpya na ilikuwa na wiki saba tu tangu ianzishwe. Jioni ndipo familia zilikuwa mezani. Siku iliyofuata ikarushwa sehemu ya pili.

Upande wa pili wa Atlantiki picha zilikaribia kufa. Wamarekani walikuwa na uchaguzi wa rais wiki mbili mbele, na njaa ya Afrika ilikuwa jambo ambalo vyumba vya habari vya New York vilidhani vimekwisha kuliona. Joe Angotti, aliyeongoza shughuli za NBC barani Ulaya, aliona taarifa ya BBC akawapigia wakubwa wake. Hawakuitaka. Badala ya kukubali, aliziingiza picha kwenye satelaiti, akazituma bila kuombwa.

Zilifika New York alasiri, wakati chumba cha habari kina kelele zake zote, simu, taipu, mabishano na utani wa watu wanaosubiri saa ya kwenda hewani. Waliokuwepo wamesimulia kwamba picha zilipojitokeza kwenye skrini, maongezi yalikatika. Tom Brokaw, mtangazaji wa taarifa ya jioni, alikuwa miongoni mwa waliotaka zionyeshwe usiku uleule. Taarifa ya siku ile ilikuwa imekwisha kupangwa. Ikavunjwa, nafasi ikapatikana, na jioni hiyohiyo Wamarekani wakaiona Korem. Washindani wa NBC nao hawakuweza kukaa kimya, na serikali za nchi tajiri, ambazo kwa miezi zilikuwa zikijadiliana kama zimsaidie mtawala wa Kimaksi au la, zikajikuta zikijibu maswali ya wapiga kura wao.

Yaliyobaki nje

Dakika saba ni nyingi kwa televisheni na ni chache kwa Ethiopia. Simulizi ya Buerk ilieleza ukame na njaa. Vita haikupata nafasi ya maana. Ilhali Tigray na Eritrea zilikuwa zikipigana na serikali, jeshi lilikuwa likichoma mazao na kushambulia masoko, na wengi waliolala Korem hawakuwa wamekimbia mawingu yasiyonyesha tu, walikuwa wamekimbia ndege za vita. Baadaye Derg iliwahamisha watu wapatao 600,000 kutoka kaskazini kwenda kusini, wengi kwa nguvu, na baadhi ya misaada ikatumika kuwavuta. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilipolisema hilo hadharani, lilifukuzwa nchini Desemba 1985. Makadirio ya waliokufa katika njaa ile ni kati ya 400,000 na milioni moja.

Je, taarifa ingefika mbali vilevile kama ingeeleza vita? Yaelekea isingefika. Mtoto mwenye njaa hahitaji maelezo. Vita vya pande tatu vinahitaji ramani. Wahariri wa London na New York walichagua kinachoeleweka kwa dakika saba, kama vile wenzao wa Addis Ababa walivyochagua mwaka 1974 kinachomwangusha mfalme. Kila mara picha zilikuwa za kweli, na kila mara aliyeziweka sambamba ndiye aliyeamua zinasema nini.

Mohamed Amin hakuacha kazi ile. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa alipokuwa akipiga picha. Fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa, na yeye akapoteza mkono wa kushoto. Akarudi kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa ndani ya ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini kando ya Visiwa vya Comoro. Alikufa pamoja na mwandishi mwenzake wa miaka mingi, Brian Tetley. Kampuni yake ingalipo Nairobi chini ya mwanawe, Salim Amin, na mamilioni ya picha za nusu karne ya Afrika, nyingi zikiwa hazijawahi kurushwa na kituo chochote.

Kazi ya Amin ilistahili kila sifa iliyopata. Hata hivyo sifa zisifiche jinsi njia ile ilivyokuwa nyembamba: kibali kilichopatikana kwa kujuana, ndege ya shirika la misaada, mhariri wa London aliyekubali urefu, na ofisa mmoja wa NBC aliyekataa kukatazwa. Kingekosekana kimoja, Korem ingebaki mahali ambapo watu walikufa bila dunia kugeuka. Na mahali pa namna hiyo palikuwepo. Mwaka 1983 na 1984 Msumbiji, jirani wa Tanzania, ilikuwa katika njaa iliyoua maelfu kwa maelfu katikati ya vita. Wafu wake ni wengi, na walio nje ya Msumbiji wanaoikumbuka njaa ile ni wachache, kwa kuwa haikupata dakika saba zake.